Miguu ya mume wangu imevimba baada ya mionzi, na wifi anataka achanjwe chale

Bi Nesi, assalaam aleikum.

Mimi ni msomaji wako wa Pangani. Naandika habari ya mume wangu, mzee wa miaka 69, fundi wa majahazi aliyeacha kazi magoti yalipomkatalia. Mwaka juzi alianza kuhangaika na haja ndogo. Anaamka usiku mara nyingi, akifika chooni anasimama weee, kinachotoka ni matone. Tukasema ni uzee. Alipokuja kupimwa ikaonekana ni saratani ya tezi dume, tena ilikuwa imeshavuka ukuta wa tezi. Wakamtoa korodani ili homoni inayoilisha saratani ikatike, kisha tukapelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi. Tulikaa kwa mdogo wangu Mbagala hadi matibabu yakaisha. Tukarudi nyumbani, mkojo ukakaa sawa, nikajua mtihani umekwisha.

Sasa ni miguu. Ilianza taratibu, mwezi wa Ramadhani. Asubuhi viatu vinaingia, ikifika magharibi havitoki. Nikibonyeza juu ya kifundo, kidole kinaacha shimo. Ngozi ya ugokoni inang'aa kama imepakwa mafuta. Hawezi tena kukaa tahiyatu, anasali kwenye kiti, na msikitini Ijumaa ameacha kwenda. Anasema hataki watu wamtazame akiburuta kandambili. Kutwa yuko barazani, miguu chini, redio pembeni.

Dawa zake: ana amlodipini ya presha kwa muda mrefu, ila alipotoka kwenye mionzi presha ikawa juu, wakamwongezea kutoka miligramu 5 hadi 10. Mgongo ukimuuma huagiza diklofenaki duka la dawa. Karibu kila siku sasa.

Ndani ya nyumba kila mtu ana dawa yake. Wifi yangu anasema kaka yake amekanyaga kitu, watu wana husuda, na ameshaongea na mtaalamu aje kumchanja chale mguuni ili uchafu utoke. Jirani ametuletea Lasix za mama yake, anasema akikojoa sana uvimbe utaisha. Kijana wetu aliye Dar anataka kununua zile soksi za kubana zinazouzwa mtaani. Mimi nilikuwa namkanda kwa maji ya moto yenye chumvi na kumchua kwa mafuta ya karafuu, akawa anapata nafuu kidogo, lakini kesho yake hali ni ile ile.

Mwenyewe hasemi. Usiku mmoja tu aliniuliza, "Mama Fulani, imerudi hii?" Nilikosa la kumjibu.

Nisaidie na hili pia: tangu juzi naona mguu wa kushoto umezidi wa kulia, na shavu la mguu linamuuma akikanyaga.

Ni mimi, mkewe, Pangani.

*

Waaleikum salaam, dada yangu.

Wasomaji wajue kwamba barua hii niliijibu kuanzia mwisho. Nilipofika kwenye mguu wa kushoto sikungoja siku ya safu. Nilikutumia ujumbe: usimkande, usimchue, mpeleke hospitali leo hii akapimwe mishipa ya mguu kwa altrasaundi. Ukaniarifu kwamba mmefika Tanga mjini, kipimo kimefanyika, na hawakuona damu iliyoganda. Alhamdulillahi. Sasa naweza kuandika bila haraka, ila lile la mguu mmoja lazima nilieleze, maana mwenye saratani aliye na mguu kama huo hayuko Pangani peke yake.

Saratani huifanya damu iwe rahisi kuganda. Upasuaji huongeza, na kukaa kutwa bila kutembea huongeza tena. Damu ikiganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu, mguu huo huvimba kuliko mwenzake, mara nyingi kwa siku chache tu, shavu la mguu huuma na huwa na joto. Hatari si mguu wenyewe. Hatari ni kipande cha damu hiyo kukatika na kusafiri hadi mapafuni. Hapo mtu huishiwa pumzi ghafla, kifua humchoma akivuta hewa, pengine hukohoa damu au huanguka. Watu wamekufa hivyo huku nyumbani wakichuliwa miguu na wanaowapenda. Ndiyo sababu nilikwambia uache kuchua kabla hata sijakusalimu. Na kipimo kuwa safi leo hakufungi mlango: mguu ukiendelea kuzidi, rudini, daktari anaweza kukirudia baada ya wiki moja hivi, kwa kuwa damu iliyoganda sehemu za chini ya goti huweza kujificha mara ya kwanza.

Niende kwenye swali la mzee, maana ndilo linalomnyima usingizi. Je, imerudi? Sijui, na miguu peke yake haiwezi kusema. Miguu yote miwili inayovimba polepole, inayopungua asubuhi na kujaa jioni, kwa mtu wa umri wake ina sababu nyingi ambazo hazihusiani na saratani kurudi. Lakini ipo njia ambayo saratani yenyewe huvimbisha miguu: mitoki, yaani vile vitezi vya ndani ya nyonga, ikishikwa, hukua na kubana njia ya maji na damu inayorudi kutoka miguuni. Au uvimbe wa saratani huziba mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, figo zikachoka, mwili ukabaki na maji. Kwa hiyo mwambie ukweli: linapimika. Damu ya PSA, kipimo kinachofuatilia saratani ya tezi dume, kipimo cha figo, mkojo, kuangaliwa moyo, na altrasaundi ya tumbo na nyonga itakayotazama figo na mitoki. Mwanamume aliyezoea kupima ubao kabla ya kuukata atakielewa kipimo kuliko maneno ya "usijali".

Sasa dawa. Hapa nimesoma barua yako mara mbili. Presha iliongezewa amlodipini hadi miligramu 10, kisha miguu ikaanza kujaa. Amlodipini ni dawa nzuri, inatumika sana, na moja ya mambo yake yanayojulikana zaidi ni hili hili la kuvimbisha vifundo vya miguu, hasa dozi ikipanda. Inalegeza mishipa midogo, maji yanapenya yakiingia kwenye nyama. Simaanishi aiache. Akiiacha mwenyewe presha itapanda, na kiharusi hakingoji kliniki. Maana yangu ni kwamba daktari aliyeiongeza huenda hajaiona miguu, na wa saratani huenda hajaulizia ya presha. Wewe ndiye unayewaona wote wawili. Waambie kwa maneno haya: "Dozi ilipandishwa, miguu ikavimba." Daktari wa presha anaweza kuipunguza, kuibadilisha, au kuiunganisha na nyingine.

Diklofenaki nina ugomvi nayo. Dawa za aina hiyo, na ibuprofeni ni ndugu yake, huufanya mwili ushike chumvi na maji, hupandisha presha na huumiza figo. Mzee ana presha, miaka 69, na tezi iliyowahi kuziba mkojo. Figo zake hazihitaji mtu mwingine wa kuzionea. Inawezekana kabisa diklofenaki ndiyo iliyopandisha presha, presha ikaleta amlodipini ya 10, na vyote viwili vikaishia kwenye vifundo vya miguu. Aiache. Kwa sasa atumie parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mpaka aonane na daktari.

Na mgongo wenyewe! Umeutaja kwa mstari mmoja kana kwamba ni jambo dogo. Saratani ya tezi dume ikisafiri hupenda mifupa, na uti wa mgongo ni moja ya vituo vyake vya mwanzo. Maumivu mapya ya mgongo kwa mtu mwenye historia yake hayatulizwi kwa vidonge vya dukani mwezi baada ya mwezi, yanapigwa picha. Ikitokea miguu ikalegea, ikafa ganzi, akaanza kuyumba, au mkojo na choo vikakataa kutoka au vikatoka bila yeye kujua, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na gari ni la kukodi. Uti wa mgongo uliobanwa ukicheleweshwa, mtu anaweza asitembee tena.

Lasix za mama wa jirani zirudishwe kwa mama wa jirani. Dawa ile inatoa maji kwenye damu. Ina kazi yake kwa moyo na figo, pale daktari anapoamua. Lakini uvimbe wa amlodipini haujibu vizuri kwa Lasix, na uvimbe wa maji ya limfu, ambao nitaueleza sasa hivi, ndio kabisa. Kitakachotokea ni kukojoa sana, potasiamu kushuka, kizunguzungu, kuanguka akienda chooni usiku. Na mtu aliyetolewa korodani mifupa yake hupungua nguvu kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo kuanguka kwake si kama kuanguka kwa kijana. Nyonga ikivunjika tutakuwa na barua nyingine.

Limfu. Mwilini, mbali na mishipa ya damu, kuna njia nyingine nyembamba zinazokusanya maji yanayobaki kwenye nyama na kuyarudisha kwenye damu. Njia za miguuni zinapita kinenani na ndani ya nyonga, pale pale mionzi ilipopigwa. Mionzi inaua saratani lakini inaacha makovu, na kovu ndani ya njia hizo ni kama mchanga uliojaa kwenye mfereji wa mvua: maji hayakosi kupita, ila yanapita kwa shida na yanafurika upande wa chini. Kwa waliotolewa mitoki ya nyonga kwa upasuaji ni vivyo hivyo. Uvimbe huu unaweza kuanza miezi kadhaa baada ya matibabu, hata miaka, watu wakiwa wameshasahau mionzi. Na hauponi kwa dawa ya kunywa. Unatunzwa.

Habari njema ni kwamba watu wa pwani tunaujua utunzaji huu, ila hatujui kwamba tunaujua. Matende ni nini? Ni minyoo inayoletwa na mbu, inaharibu njia hizi hizi za limfu, mguu unajaa. Chanzo ni kingine lakini mguu ni wa aina moja, na mafunzo ambayo wenye matende wamekuwa wakipewa kwenye zahanati za Tanga, Lindi na Mtwara ndiyo yale yale: osha, kausha, inua, tembeza, linda ngozi. Na kwa kuwa mnaishi Pangani, mwulize daktari kama kuna haja ya kumpima matende pia. Mtu huweza kuwa na saratani na bado mbu wakawa wamemtembelea tangu ujana.

Hapo ndipo ninapomkatalia wifi yako, kwa heshima zote. Sitabishana naye juu ya husuda. Akitaka kumsomea kaka yake dua, amsomee. Akitaka kukaa naye barazani jioni nzima, ni ibada na ni tiba. Dua na altrasaundi havijawahi kugombana. Lakini wembe usiguse mguu ule. Maji yaliyojaa pale ni chakula cha vijidudu, na mguu wenye limfu iliyokwama hauna ulinzi wa kawaida. Chale moja ndogo inaweza kuleta ukurutu wa maji usiokauka, kisha maambukizi ya ngozi yanayopanda mguu mzima hadi kwenye damu. Kuumika kwa chuku kwenye mguu huo ni vivyo hivyo, na sindano za mitaani pia. Mwambie wifi: daktari kakataza. Nitupieni lawama mimi, nimezoea.

Dalili za maambukizi hayo uzijue. Vitabu vinasema mguu huwa mwekundu, lakini kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri. Unaweza kuona tu pamekoza na kung'aa zaidi. Tumia mgongo wa mkono wako: upande mmoja una joto kuliko mwingine? Anaumia akiguswa? Amepata homa, anatetemeka? Basi ni hospitali siku hiyo, anahitaji antibayotiki, na huenda za kuchoma sindano.

Maji ya moto yaache. Joto hufungua mishipa na kuongeza maji yanayotoka, ndiyo maana nafuu yake haivuki usiku. Na kama ana ganzi hata kidogo anaweza kuungua asijue. Kuchua kwa nguvu pia basi. Ipo namna ya kusukuma limfu kwa mkono, lakini ni kwa mguso mwepesi sana, na huanzia juu kabla ya kushuka chini. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kukufundisha. Hospitali ya mkoa uliza kitengo chao.

Kazi ya kila siku nyumbani ndiyo hii, na nyingi mnaifanya bila kujua. Mzee anatia udhu mara tano. Kila udhu ni nafasi ya kuitazama miguu. Lakini nina hakika anamaliza kuosha kisha anavaa kandambili miguu ikiwa mbichi. Unyevu unaobaki kati ya vidole huzaa fangasi, ngozi hupasuka, na mpasuko huo mdogo ndio mlango wa vijidudu. Mtafutie kitambaa chake cha pamba, laini, kiwe kinaning'inia pale anapotilia udhu, akaushe kidole kwa kidole. Akishindwa kuinama, hiyo ndiyo kazi yako, au ya mjukuu. Fangasi wakiwepo wapakwe dawa yao mpaka waishe kabisa, siyo mpaka kuwasha kuishe. Usiku paka mafuta ya nazi ugokoni na juu ya wayo, kati ya vidole usipake. Kucha zikatwe kwa unyoofu, zisichimbwe pembeni. Na asitembee peku, hata uani, hata ufukweni. Najua kumwambia fundi wa majahazi asikanyage mchanga peku ni kumkosea adabu, lakini ndivyo.

Kukaa. Baraza ni nzuri kwa roho, mbaya kwa vifundo. Miguu ikining'inia saa nyingi, maji hushuka na hakuna cha kuyapandisha. Kinachoyapandisha ni misuli ya shavu la mguu inapojikaza mtu anapotembea, na mwanamume aliyekatiwa homoni hupoteza misuli polepole, kwa hiyo pampu yake imeshapungua nguvu. Asogee. Redio inapotoa taarifa ya habari, avute vidole vya miguu juu kuelekea kwake, avisukume chini, azungushe vifundo, mpaka habari ziishe. Asubuhi na alasiri atembee, hata kama ni kufika tu kwenye kivuko na kurudi, kwa kadiri pumzi inavyomruhusu. Mchana alale chali kidogo miguu ikiwa juu ya mito, ipite usawa wa kifua. Kiti kilichowekwa mbele ya kiti kinasaidia kidogo tu, ila ni bora kuliko miguu kuning'inia. Usiku weka tofali chini ya miguu ya kitanda upande wa miguuni kwake. Lakini kama akilala tambarare anakosa pumzi, au huamka usiku akihema, usiinue kitanda. Hiyo ni dalili ya moyo, na moyo upimwe kwanza.

Soksi za kubana zinasaidia kweli, kijana hakukosea. Alichokosea ni kutaka kuzinunua kwa kukadiria. Kwanza daktari ahakikishe damu inayoshuka miguuni inafika vizuri, kwa kupapasa mapigo juu ya wayo au kwa kipimo. Mguu ambao damu yake haitoshi, ukibanwa unaweza kuoza, na wenye kisukari na wavuta sigara wa zamani ndio wa kuangaliwa zaidi. Pili, soksi hupimwa asubuhi, uvimbe ukiwa umepungua, kwa futi ya cherehani: mzunguko wa kifundo, mzunguko wa shavu la mguu, na urefu hadi chini ya goti. Huvaliwa kabla hajashusha miguu kitandani, huvuliwa wakati wa kulala. Isikunjwe juu ikawa pete, kwa kuwa pete hiyo hukaba kuliko soksi nzima. Vidole vikipoa, vikibadilika rangi au kufa ganzi, vua. Na kuhusu udhu: soksi ya kubana ni shida kuivua na kuivaa mara tano, na wengi huiacha kwa sababu hiyo tu bila kumwambia mtu. Mwulizeni imamu wenu juu ya kupangusa juu ya soksi na hukumu ya mgonjwa. Nimeona wagonjwa wakipata ruhusa, lakini fatwa si fani yangu.

Chakula kwa ufupi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, ikiwemo iliyomo ndani ya vyakula. Papa mkavu na ng'onda peke yake humaliza hesabu hiyo kabla hujatia chumvi kwenye sufuria, na achari iko nyuma yao. Samaki mbichi mnao bure kuliko watu wa bara. Mpe huyo, na kunde na maharagwe, kwa kuwa mwili uliopungukiwa protini nao huvimba. Maji ya kunywa usimkatie. Madafu subiri majibu ya figo: yana potasiamu nyingi, na figo dhaifu haziwezi kuitoa.

Kuna jambo hukuandika, na nadhani uliona haya. Njia hizo hizo za limfu zikikwama, mfuko wa korodani na uume navyo huvimba. Wanaume huficha, au huambiwa ni busha wakaanza kutafuta wa kulipasua. Mwulize faraghani, kwa upole. Kama lipo, avae chupi inayobeba vizuri, isiyokata mapajani, akae msafi na mkavu, na amwonyeshe daktari. Asipasuliwe na mtu ambaye hajui kwamba alipigwa mionzi.

Kwa wasomaji wengine wenye ugonjwa huu ambao dawa zao ni tofauti na za mzee huyu: abirateroni hushikisha mwili chumvi na maji, hupandisha presha na kushusha potasiamu, ndiyo sababu hutolewa pamoja na prednisoloni na damu hupimwa mara kwa mara. Prednisoloni nayo ina uvimbe wake, lakini kuiacha ghafla ni hatari. Dosetakseli, ile dripu ya kemo, hujaza maji mwilini kadiri mizunguko inavyoongezeka, na vidonge vya deksamethasoni mnavyopewa kabla yake ni vya kuzuia hilo; msiviruke. Bikalutamaidi pia huweza kuvimbisha miguu. Yeyote kati yenu atakayeongezeka kilo mbili tatu ndani ya siku chache, au akaanza kuhema akipanda ngazi, asingoje tarehe ya kliniki.

Dada yangu, kabla ya kupanda gari la Tanga tena, chukua karatasi. Andika dawa zote, pamoja na za dukani na mitishamba kama ipo, na tarehe amlodipini ilipoongezwa. Kwa wiki moja mpime vifundo vyote viwili kwa futi ya cherehani, asubuhi na jioni, mahali pale pale, uandike namba. Daktari mwenye foleni ndefu hana muda wa "inavimba sana", lakini namba atazisoma. Beba na karatasi za Ocean Road zinazoonyesha mionzi ilipigwa wapi.

Msikitini arudi. Viatu vya wazi vyenye mikanda ya kubandika na kubandua vinapatikana Tanga kwa bei ya kawaida, vinalegezwa jioni mguu ukijaa. Kiti hakosi, mzee wa umri wake atapishwa. Kutembea huko kwenda na kurudi nimeshakuhesabia kwenye mazoezi yake.

Majibu ya PSA na ya figo yakitoka nipe habari. Kuna neno usilolielewa kwenye karatasi, piga picha unitumie.

Bi Nesi